Picha 612 za asubuhi moja: nibakishe ipi?

Swali: Shikamoo fundi. Nafundisha shule ya msingi hapa Kisauni, Mombasa, na tangu mwaka jana nimeshikwa na ugonjwa wa kupiga picha za ndege. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 70 hadi 300. Jumamosi iliyopita nilishuka mikokoni Tudor nikarudi na picha 612, nyingi za mdiria mmoja. Usiku huo huo nilikesha nikizichagua na kuzihariri kwenye simu, nikatuma kumi na moja kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilipata "mashallah" tatu, na mmoja akaniambia ndege wangu amekuwa rangi ya sherbeti. Nakutumia hizo kumi na moja pamoja na asili zake. Nichague vipi? Kuhariri mwisho wake wapi, maana kuna chupa ya plastiki ningependa kuifuta? Na picha nizipeleke wapi zaidi ya WhatsApp?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Huyo wa sherbeti mshukuru. Wale watatu wa mashallah wanakupenda, na anayekupenda si mtu wa kukuchagulia picha. Ila naye ameona rangi tu kwa sababu ndiyo iliyopiga kelele. Mimi nimezifungua zote kumi na moja, na naona mambo yaliharibika kabla hujagusa rangi. Ulichagua zisizo zenyewe.

Chukua ile ya kwanza, uliyoiandikia "bora kuliko zote." Mdiria amejaa kwenye fremu, mgongo ametupa sisi, kichwa kakielekeza kichakani. Jicho halionekani. Mbona uliipenda hivyo? Nadhani ni kwa kuwa hapo ndipo alipokusogelea karibu kabisa, nawe umezama tope hadi magotini, unavuta pumzi polepole asishtuke. Ukiitazama hiyo picha, hayo yote unayaona. Mimi siyaoni. Mimi naona mgongo wa ndege.

Sasa ile ya saba, uliyoombea radhi ukaandika "ndege mdogo, samahani." Ni mdogo kweli, hafiki hata sehemu ya kumi ya upana wa picha. Lakini amekaa juu ya mzizi wa mkoko uliojikunja kama upinde, maji yanapwa, tope linang'aa, na kwenye lile domo lake jekundu (jekundu juu na chini, ndiyo alama ya mdiria wa mikoko) amebana kaa mdogo, gando moja linaning'inia. Jicho nalo limeshika nukta ya mwanga. Mtu ambaye hajawahi kuiona Tudor ataelewa papo hapo ndege huyu anaishi wapi na anakula nini. Hiyo ndiyo picha yako ya Jumamosi. Zile kumi ni kumbukumbu zako, ziweke, lakini usimpe mtu azibebe.

Usidhani nakucheka. Kuna mwaka nilisimama Mida Creek asubuhi nzima, maji yananipanda mapajani, nikiwangoja wale ndege weupe kwa weusi wanaokula kaa wakae kundi zima mahali pamoja. Walikaa, nikapiga. Picha hiyo niliitembeza miaka mitatu, kila mgeni akija namwonyesha. Siku moja mke wangu akaniuliza, kwa upole tu, hawa ni ndege au ni mawe? Nikaitazama tena. Walikuwa mawe.

Kwa hiyo jambo la kwanza nakuomba: usiku uliotoka kupiga, usichague. Hamisha picha kwenye kompyuta, tengeneza nakala ya pili kwenye diski ya nje, ulale. Mimi nangoja siku tatu, zikiwa za safari ya mbali nangoja wiki. Ukirudi miguu imeshakauka, unazitazama kama mtu aliyeokota kadi ya memori njiani.

Halafu chuja kwa awamu, na kila awamu uwe na swali moja tu kichwani. Awamu ya kwanza ni ya jicho. Kuza picha hadi asilimia 100 na utazame jicho la ndege. Limeshika au halikushika? Ikiwa jicho lina ukungu huku bawa ni kali, itoe, haijalishi mengine yamekaaje. Kwa lenzi yako ya milimita 300 ukishika kwa mkono, nyingi zitakuwa zimetikisika ikiwa kasi ya kamera ilikuwa ya polepole kuliko 1/500 ya sekunde. Nimeona baadhi ya zako ni 1/250, na hapo hakuna programu itakayokuokoa. Siku nyingine panda hadi 1/1000 na uiache ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) ipande nayo. Picha yenye chembechembe hutazamika, iliyotikisika haitazamiki.

Awamu ya pili fanya kinyume: zifanye picha ziwe ndogo kama stempu, ishirini au thelathini kwa pamoja kwenye kioo. Katika udogo huo manyoya na vitu vizuri vizuri vyote vinapotea, kinabaki umbo, mwanga na kivuli. Zile zinazokuita kutoka mbali zitie alama. Ya saba ingekuita hapo, kwa sababu ya ule upinde wa mzizi.

Awamu ya tatu ndiyo inayouma. Tuseme umebaki na picha kadhaa za mdiria yuko kwenye mzizi ule ule, dakika zile zile. Ziweke mbilimbili, ubavu kwa ubavu, moja itoke moja ibaki, kama mashindano ya mtoano. Tazama kichwa: kikigeukia kwako hata kidogo, picha inafunguka, kikigeukia upande wa pili, imefunga mlango. Tazama kama kuna kijiti kinachochipuka utosini mwa ndege. Tazama kingo za fremu, kama mkia umekatwa au kama pembeni kuna jani linalong'aa kuliko ndege mwenyewe. Kutoka 612 ukibaki na 20 baada ya awamu ya pili si mbaya. Mwisho zibaki tatu. Kwa asubuhi moja, tatu ni nyingi. Mimi kuna miezi sipati hata moja.

Kufuta nako: zilizotikisika futa bila huruma. Nyingine ziweke mwaka mmoja kabla ya kuamua, maana jicho lako litakua na huenda kuna namba saba nyingine humo. Lakini usifute ukiwa mikokoni, kwenye kile kioo kidogo cha kamera, jua limekupiga utosini. Nimewahi kufuta hivyo, na sitasema nilifuta nini.

Kabla sijafika kwenye sherbeti, nikwambie kitu cha maji, kwa sababu nusu ya uchaguzi hufanyika kabla hujatoka nyumbani. Picha zako nyingi zimepigwa kati ya saa tatu na saa tano. Hapa kwetu tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua halipandi kwa mshazari, linapanda kama mkwezi. Likichomoza mnamo saa kumi na mbili na robo, ikifika saa mbili na nusu vivuli vimeshakuwa vikali na tope limekuwa bati. Una muda wa saa mbili tu. Bahati ni kwamba siku za bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) pwani yetu hujaa alfajiri na kupwa hadi mnamo saa nne, kwa hiyo kunapopambazuka maji yanarudi, tope linaanza kufunuka, kaa wanatoka mashimoni na mdiria anashuka kuwangoja. Mwanga mzuri na chakula cha ndege vinakutana. Siku za maji mafu (mwezi ukiwa nusu) mambo hugeuka, maji hujaa hadi mnamo saa nne, na asubuhi utakuta mizizi imefunikwa. Tazama jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote pale Tudor, atakujibu bila hata kutazama juu.

Haya, sherbeti. Nimelinganisha asili na ulichotuma. Ulichukua kitelezi cha kukoleza rangi ukakisukuma karibu mwisho. Kilichotokea ni hiki. Katika faili la JPEG, ile aina ya kawaida ya picha, kila pikseli (nukta moja ya picha) inashika namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kwenye bawa la mdiria wako buluu ilikuwa inapanda na kushuka, unyoya huu 190, kivuli chake 170, ule unaofuata 210. Hiyo tofauti ndogo ndiyo manyoya yenyewe. Ulipokoleza, zote zikapanda hadi zikagonga dari, 255, 255, 255. Mistari ikafutika, bawa likawa kama bati lililopakwa rangi jana. Na ukisharudisha kitelezi nyuma kwenye faili hilo lililohifadhiwa, manyoya hayarudi, kwa sababu hayamo tena. Ndiyo maana asili huwa haiguswi, unahariri nakala.

Weka kamera yako iandike RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Faili litakuwa zito, litakula kadi yako, lakini badala ya ngazi 256 kwa kila rangi unapata 4,096 kama kamera ni ya biti 12, au 16,384 kama ni ya biti 14. Una nafasi ya kukosea na kurudi. Kwenye kompyuta, darktable ni programu ya bure na inafungua RAW za kamera nyingi. Inatisha siku ya kwanza, usikimbie. Kwenye simu Snapseed ni ya bure pia na kwa JPEG inatosha.

Mpangilio wangu wa kuhariri ni wa kivivu. Kwanza nanyoosha upeo wa maji. Picha mbili kati ya zako bahari inamwagikia Nyali. Pili mizani ya weupe (kurekebisha rangi ili cheupe kionekane cheupe), na hapa mikoko ina hila: mwanga ukipita kwenye majani unamtia ndege ukijani kifuani, akaonekana kama mgonjwa. Vuta kidogo kuelekea zambarau hadi kifua kirudi kijivu kwa weupe. Tatu mwangaza: punguza panapowaka, inua kivuli kidogo, kidogo nimesema, chini ya mikoko kuna giza na giza hilo ni la haki. Rangi naigusa mwisho, na mara nyingi nikifika hapo sioni haja.

Kipimo changu ni tope. Wewe umekulia huku, tope la mikoko unalijua, kijivu chenye uhudhurungi, pengine na utando wa kijani juu. Ukimaliza kuhariri msahau ndege, tazama tope. Likiwa la zambarau au la machungwa, umepitiliza. Ndege watu wengi hawamjui, unaweza kuwadanganya. Tope hutawadanganya watu wa Mombasa. Tena hariri ndani ya nyumba, mwanga wa simu ukiwa nusu. Ukihariri ndani ya matatu mwanga wa simu ukiwa umepandishwa hadi mwisho, nyumbani picha itakuwa giza.

Kukata picha kunaruhusiwa, ila piga hesabu. Kamera ya megapikseli 24 inatoa pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukibakisha nusu ya upana na nusu ya urefu una 3,000 kwa 2,000, yaani megapikseli 6, robo tu ya ulichokuwa nacho. Kwa simu inatosha na kubaki. Kwa karatasi, ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata upana wa inchi 10, pungufu kidogo ya A4. Ukikata tena nusu umebaki na kadi ya posta. Ndiyo sababu ile ya saba sitaki umkate mdiria hadi ajae. Utapoteza mzizi, na bila mzizi yeye ni ndege mwekundu mdomo tu.

Ile chupa. Hapa watu hugombana, mimi nakupa msimamo wangu. Ukitaka kupamba sebule yako, ifute, ni sebule yako. Ukiandika "mdiria, Tudor" na kuipeleka kwa watu kama habari ya mahali, iache, au sogeza fremu siku ya pili, au kata upande huo ikiwa picha inakubali. Nuru na ukataji ni vya mpiga picha, vilivyokuwepo na visivyokuwepo si vyake. Wakubwa wameumbuka kwa hili. Mwezi wa Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada la wima, na hadi leo wanakumbushwa. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalimvua mpiga picha mmoja tuzo ya mwaka uliotangulia, baada ya wataalamu kuona kwamba mnyama wake mla mchwa alikuwa amekaushwa na kujazwa, si hai. Mashindano makubwa siku hizi hudai faili la RAW kabla ya kutoa zawadi, na chupa iliyofutwa huonekana pale pale. Zile programu mpya za kujaziliza majani kwa akili bandia nazo zina hukumu hiyo hiyo kwangu. Kusema kweli kwenye picha yako naona chupa inasema kitu kuhusu Tudor ambacho mdiria peke yake hawezi kusema. Fikiria kuiacha.

Kugawa. WhatsApp hubana picha ili ipite haraka, na manyoya ndiyo hubanwa kwanza. Tumia ile alama ya HD, au tuma kama dokumenti, hapo inafika kama ilivyo. Lakini dokumenti hufika na kila kitu, pamoja na taarifa zilizofichwa ndani ya faili: tarehe, kamera, na mahali kama GPS ilikuwa imewashwa. Kamera yako ya mtumba pengine haina GPS, simu yako inayo. Kwa picha ya kaa hakuna neno. Kwa kiota kuna neno kubwa. Miaka kadhaa nyuma niliweka mtandaoni picha ya bundi na makinda yake kwenye mbuyu mmoja, nikataja na kijiji, kwa fahari. Wiki iliyofuata nilikuta watu sita chini ya mti, mmoja anarusha vijiti ili mama ageuke. Wiki ya pili mbuyu ulikuwa mtupu. Sijui nimlaumu nani zaidi yangu. Tangu siku hiyo kiota hakitoki kwangu mpaka makinda yameruka, na mahali nasema "kaskazini mwa Mombasa", basi.

Ukitaka picha zako zifanye kazi, zipandishe iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe hai. Unaweka picha, tarehe na mahali, wengine wanakusaidia kuthibitisha jina, na kwa viumbe walio hatarini mtandao wenyewe huficha mahali halisi; unaweza pia kuficha kwa hiari yako. Hata zile picha za mgongo zinafaa huko, mtafiti hajali mwanga.

Kwenye Instagram au Facebook weka moja kwa wakati, siyo kumi na moja. Ukiweka kumi na moja umemwambia mtazamaji achague yeye, na atachagua kupita. Ipunguze iwe na pikseli 2,048 upande mrefu, rangi za sRGB (mpangilio wa kawaida wa rangi mtandaoni), jina lako dogo pembeni, siyo kifuani mwa ndege. Maelezo yawe ya mtu aliyekuwepo: "Mdiria wa mikoko na kaa wake, Tudor, maji yakipwa." Andika kwa Kiswahili. Mdiria, keremkerem, yangeyange, chozi, hawa wana majina mazuri na vijana wetu wanayasahau.

Hoteli zitakutafuta siku moja, zikikuambia hatuna bajeti lakini tutakutaja jina. Jina lako unalo tayari. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakulinda tangu unapobonyeza kitufe, hata kama hujasajili popote; kusajili KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya) kunakupa ushahidi mkononi pakitokea ubishi. Na ukivuka Likoni kwa feri, kamera ibaki mkobani. Askari hataki kujua kama ulikuwa unampiga mwewe au meli.

Sasa kazi yako ya wiki hii. Rudi kwenye asili ya namba saba. Nyoosha maji, kata upande wa kulia hadi kwenye mzizi wa pili, toa ukijani kifuani, buluu usiiguse. Ichapishe A4 pale mjini, uibandike darasani bila maelezo yoyote, halafu usikilize watoto watauliza nini kwanza. Wakiuliza "amekula nini huyu?", nitumie picha yako inayofuata. Wakiuliza ulitumia kamera gani, turudi tuzungumze.